Mzee alianza na kola

Baba yangu alikuwa karani wa reli pale Tabora. Mashati yake ya kazini yalikuwa mawili: moja mwilini, jingine kambani. Majirani hawakujua hilo, maana hakutoka nyumbani hata siku moja na kola yenye weusi wa jasho. "Mtu akikukaribisha ofisini kwake, usimpelekee vumbi la safari," alikuwa akituambia.

Siku hizi nami nahojiwa na kuhoji kwenye usaili wa kazi, na bado natazama alikotazama yeye.

Ukienda soko la Karume, Dar es Salaam, kuchagua shati la mtumba, lebo iache kwanza. Geuza kola uone mkunjo wake kama umelika. Kisha angalia makwapa; madoa ya pale hayatoki, muuzaji akuapie atakavyo. Bega likikukaa sawasawa, lipa. Ubavuni fundi cherehani atapunguza kwa hela kidogo, ila kushusha au kupandisha bega ni kazi kubwa, na mafundi wengi huliharibu.

Kola ipige pasi upande wa ndani kwanza, kutoka nchani kuja katikati. Ukianza katikati, mikunjo yote inakimbilia nchani, yaani pale pale macho ya watu yanapotua. Mzee alitumia pasi ya mkaa, na kabla haijagusa shati aliipitisha kwenye jani bichi la mgomba ili masizi yabaki huko. Kama unakaa Mbagala na usaili uko Posta, panda daladala na fulana, shati lako liwe kwenye mfuko, ukabadilishe ukifika. Manukato kidogo tu, tafadhali. Vyumba vya usaili ni vidogo.

Kwenye mwenendo alikuwa mkali zaidi. Salamu ianzie getini. Mlinzi mwenye umri wa baba yako mpe shikamoo kamili, usiitafune. Kuna kijana aliyekuja kwetu na vyeti vizuri kabisa, akampita mlinzi kama amepita nguzo ya umeme. Hakuwa amekaa vizuri kwenye kiti, habari zake zilikuwa zimeshatufikia. Ninyi mnaoomba kazi hamjui ni kiasi gani watu wa getini na mapokezi wanaulizwa.

Simu zima kabla hujaingia. Usikae mpaka ukaribishwe, na ukikaribishwa usisite-site.

Sehemu moja tu sikubaliani na Mzee. Kwake kuulizia mshahara ni utovu wa adabu: fanya kazi, watakuona. Alistaafu akiwa bado anasubiri kuonwa. Mimi nawaambia vijana waulize, kwa upole, mwishoni, wakipewa nafasi ya maswali. "Naomba kufahamu kiwango mlichopanga kwa nafasi hii" ni sentensi yenye heshima zote, na bosi anayekasirishwa nayo afadhali umjue mapema.