Usipake mawese kwenye gitaa

Ndugu, unasema gitaa la kwaya hapo Goma lina uchafu mweusi kati ya freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), shingo inanata kiganjani, na rafiki amekushauri upake mawese. Tafadhali, usipake. Mawese hayakauki, yatachacha, yatoe harufu, kisha yashike lile vumbi jeusi la volkano.

Toa nyuzi, utazame ubao wa vidole, yaani upande wa mbele wa shingo unaobonyezea nyuzi. Kama ni mti wa kahawia au mweusi usio na vanishi, chukua kitambaa kibichi, ukikamue mpaka kisitoe hata tone, ufute. Ugando ulioshika pembeni mwa freti ukwangue kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Utabanduka kama ukoko wa sufuria. Ni jasho na ngozi ya vidole. Pakikauka, weka matone machache ya parafini ya maji ya famasi, ile dawa ya wenye choo kigumu, wala si mafuta ya taa! Subiri dakika 10, ufute yote. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Ubao wenye vanishi hautaki mafuta, kitambaa tu.

Nyuma ya shingo, mara nyingi kinachonata ni vanishi. Pitisha msasa namba 600, halafu 1000, ukifuata urefu wa mti, kwa mkono mwepesi sana. Mimi huku Bukavu huishia hapo, sipaki kitu tena, na kiganja kinateleza vizuri. Vumbi la msasa likigeuka kutoka jeupe kuwa na rangi ya mti, simama palepale: mti mtupu hunywa jasho.