Mnanaa wangu umegoma kwenye ndoo, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nina mnanaa kwenye ndoo ndogo ya lita 4 pale dirishani, mwaka wa kwanza ulijaa mpaka nikawa nagawia majirani, sa hivi umebaki vishina vyembamba virefu, majani madogo madogo na ya chini yanageuka njano yanadondoka. Nimeongeza maji, nimeongeza mbolea, wapi! Ni ugonjwa au ndo umezeeka?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kabla hujautafutia dawa, mwagilia kidogo, subiri kama nusu saa, afu pindua ndoo huku mashina umeyapitisha katikati ya vidole, gonga kitako mpaka mmea utoke mzima. Nadhani utakuta udongo hauonekani tena, ni mizizi mieupe tupu imejiviringisha kama kamba. Ukimwaga maji yanateleza pembeni yanatokea chini, katikati kukavu, kwa hiyo unaona umemwagilia kumbe mmea una kiu.

Mnanaa ni mmea wa kutembea bwana. Unatuma mashina yanayolala chini ya udongo na kila pingili inatoa mizizi na chipukizi lake, ndo maana tunaufungia kwenye chombo manake ukiuachia bustani unaimeza yote. Sasa ndani ya ndoo hauna pa kwenda, unajizunguka wenyewe mpaka unajibana.

Chukua kisu kikali ukate hilo bonge vipande vitatu au vinne, wala usiuonee huruma. Vya kupanda ni vile vya pembeni vyenye machipukizi mabichi, ile katikati ngumu kama kijiti tupa. Punguza mashina yabaki kama sm 5 juu ya udongo, panda kwenye udongo mpya wenye mboji, chombo kiwe na upana wa sm 25 hadi 30 na kina kisichopungua sm 20, na matundu chini lazima. Kazi hii utairudia kila baada ya mwaka mmoja au miwili, haikwepeki.

Mbolea punguza, ukiizidisha unapata majani makubwa yasiyo na harufu. Na vishina kurefuka hivo ni kutafuta mwanga pia, jua la masaa manne mpaka sita kwa siku linatosha. Uwe unachuma vichwa mara kwa mara, usingoje utoe maua.

SWALI: Nimepanda mbegu za pakiti nikitaka ule mnanaa mkali wa kuwasha ulimi kama peremende, ukaota mwingine kabisa. Nimetapeliwa?

JIBU: Sidhani kama ni utapeli, ila ule mkali ni chotara na kwa kawaida hautoi mbegu za maana, unaendelezwa kwa vipande tu. Omba shina la sm 10 hivi kwa mwenye nao, likate chini kidogo ya pingili, toa majani ya chini yasiloe maji yakaoza, weka kwenye glasi na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili. Ndani ya wiki moja mpaka mbili utaona vinyuzi vyeupe vinachungulia pale kwenye pingili, vikifika sm 3 hivi hamishia kwenye udongo.