Hatuna ndugu Mgeta, tutapokewaje?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi na mke wangu tunaishi Tabata na watoto wawili. Likizo ya Juni tunataka kijiji kilichotulia, chenye mto na milima, mbali na muziki wa baa. Jirani ametutajia Mgeta, ila hatuna ndugu huko. Tufikeje, na tutapokewaje?
Baba wa wawili, Tabata

JIBU: Marahaba, baba. Nendeni! Mama yangu mzazi ni Mluguru wa huko, hivyo nitapasifia bila kificho.

Treni ya SGR itawashusha Morogoro. Pale ulizeni magari ya Mgeta. Yanafuata barabara ya Iringa hadi Sangasanga, jirani na Chuo Kikuu cha Mzumbe, kisha yanakata kushoto na kuanza kupanda Uluguru. Mkienda na gari lenu, liwe la kuhimili mlima. Juni masika yamekwisha, mmechagua vizuri, lakini kila mtoto awe na sweta nzito. Baridi ya usiku kule sisi wa Dar hatuijui.

Mkifika, kabla ya kuzungukazunguka, piteni ofisi ya kijiji, mjitambulishe na muulize pa kulala na kijana wa kuwaongoza. Msione ni usumbufu. Mgeni aliyepita ofisini husalimiwa kwa jina njia nzima.

Bonde limetulia, ila watu wake wako kazini tangu alfajiri. Kabichi, karoti, njegere na viazi vimepandwa kwenye ngazi zilizochongwa mlimani, na maji huletwa kwa mifereji. Watoto wasikanyage kingo za ngazi hizo. Zikibomoka, udongo unashuka wote. Na mkiuliza shamba ni la nani, msishangae kutajiwa ukoo wa mama: Waluguru kwa jadi hurithishana ardhi upande huo.

Wapelekeni watoto mtoni. Mto Mgeta unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaotunywesha Dar. Mtoto anayefungua bomba Tabata ana haki ya kuyaona maji hayo yakiwa bado yanaruka juu ya mawe. Natamani kila shule ya Dar ingewapeleka.

Zawadi? Sukari na sabuni zinatosha kwa mwenyeji wenu. Kisha nunueni mboga kwa wakulima wenyewe, na tafadhali, baba, usiombe upunguziwe. Karoti hiyo imeshuka mlimani kichwani mwa mtu.