Kumchagua kwotabeki wa msimu ujao: tazama macho yake akishaguswa

Mkuu, umeuliza maswali mawili na majibu mengi hapa juu yamekimbilia jina tu. Umesema timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo unayoishabikia tangu uhamie Ohio ina vijana wawili wanaogombea nafasi ya kwotabeki, yule mrushaji mpira. Mmoja yuko mwaka wa nne, amekaa benchi misimu miwili akingoja zamu yake. Mwingine katoka sekondari juzi, ana nyota tano, daraja la juu kabisa wanalopewa wachezaji wa sekondari, na mkono wa manati. Kocha amesema hamtaji mtu mpaka Agosti. Unataka kujua kwa nini anachelewa, na sisi tungempa nani nafasi hiyo. Nitajibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili nimelitazama kwa karibu, na mpaka leo linanigusa.

Misimu mitatu nikiwa mwanafunzi hapahapa Ohio nilikuwa narekodi video za timu ya chuo chetu. Chuo kidogo, sitakitaja. Unapanda jukwaa la chuma lenye kimo cha nyumba ya ghorofa moja, nyuma ya timu inayoshambulia, na unashika kamera saa mbili mfululizo. Upepo wa Machi wa huku unakata vidole. Mazoezi yakiisha unashuka, unakata video jaribio moja moja, unaandika: jaribio la ngapi, zinahitajika yadi ngapi, nani karusha, nani kalengwa, ikawaje. Makocha wanaitazama usiku uleule.

Kwa wanaopita hapa bila kuujua mchezo: futiboli ya Kimarekani ni ya watu 11 kila upande, na timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kwotabeki ndiye anayepewa mpira mwanzoni mwa karibu kila jaribio. Ana kama sekunde mbili na nusu za kuamua aupeleke wapi kabla majitu ya kilo 130 hayajamfikia. Ukitaka wa kumfananisha naye kwenye soka letu, usimchukue mshambuliaji, mchukue kipa. Winga unaweza kumwingiza dakika ya 70. Kipa anacheza mmoja, na mabeki wanaizoea sauti yake. Kwotabeki ni hivyohivyo: wale watano wanaomkinga wanaondoka kwa kuisikiliza hesabu anayoiita, na wapokeaji wanajifunza mpira wake unafika kwa kasi gani na upande gani wa kifua.

Ndiyo maana kiuwanja ilipaswa achaguliwe mapema. Mazoezi ya machipuko kwa kanuni ni 15 tu. Ndani ya kila zoezi, muda wa kikosi cha kwanza kucheza kweli dhidi ya walinzi ni mfupi. Ukiugawa nusu kwa nusu kuanzia Machi hadi mwisho wa Agosti, unaingia mechi ya kwanza na vijana wawili walioiva nusu. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwenye mchezo huu chombo huenda mrama hata kabla hakijatoka bandarini, kwa sababu chumba cha kubadilishia nguo kinagawanyika. Niliona wapokeaji wakikaa mezani kwa makundi, kila kundi na kwotabeki wake.

Kilichokuwa kinawazuia makocha kusema mapema ni uhamisho. Lango la uhamisho, yaani orodha anayojiandikisha mchezaji wa chuo anayetaka kuhamia chuo kingine, lilifunguliwa 2018, na kuanzia 2021 mchezaji akaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Kulikuwa pia na dirisha, yaani kipindi cha kujiandikisha kuhama, la Aprili. Kwa hiyo kocha akimtaja mmoja baada ya mazoezi ya machipuko, wa pili alikuwa anaweza kuingia langoni wiki ileile, na timu ikabaki bila akiba ya maana. Mwaka 2026 dirisha limebaki moja, la Januari. Sababu hiyo basi imepungua nguvu. Anayesema Agosti sasa, kama ni kocha makini, anasema hivyo kwa sababu nyingine, na hiyo ndiyo ninayotaka uielewe.

Katika mazoezi kwotabeki haguswi. Anavaa jezi ya rangi tofauti, mara nyingi nyekundu, na mlinzi akimfikia anampita tu au anamgusa bega, kisha kocha anapuliza filimbi. Ni busara, huwezi kumvunja mtu wako mwenyewe. Ila maana yake ni kwamba siku zote 15 unapima mkono, unapima kumbukumbu, na kile kitakachoamua msimu hujakipima hata mara moja. Ndiyo maana kocha makini hana haraka ya kutaja jina.

Msimu wangu wa pili tulikuwa na wawili kama wako. Mmoja mkono wake ulikuwa mzuri mpaka watu wa riadha, wanaofanya mazoezi jirani, walikuwa wanasimama kumtazama. Mpira ukitoka mkononi mwake unasikika. Mwenzake alirusha kawaida, mipira yake mirefu ilielea kidogo. Kwenye rekodi zangu wa mkono mkubwa aliongoza kwa tachidauni (mabao ya kufikisha mpira eneo la mwisho) za mazoezini. Huyu mwingine aliongoza kwa kitu ambacho hakuna aliyekiuliza: jaribio la tatu, ambalo ukilikosa kwa kawaida unamwachia mpinzani mpira, mpokeaji wa kwanza amebanwa, mpira unafika kwa nani? Alikuwa anaupata wa pili, wa tatu, au anautupa nje salama waanze upya. Walinzi hawakumnasia mipira mingi.

Akachaguliwa mwenye mkono. Sikushangaa, na hata mimi ningemchagua.

Mechi ya kwanza, mapema kabisa, alipigwa kifuani mpira ukiwa ndiyo kwanza unamtoka. Pigo halali. Akainuka, akapangusa nyasi kwenye kofia, akaendelea. Toka jukwaani sikuona tatizo. Usiku nikikata video ndipo nikaliona, nikarudisha nyuma mara tatu. Kabla ya pigo lile, akirudi nyuma kofia yake inatazama mbali, huko wanakokimbilia wapokeaji. Baada ya pigo, kofia imeinama. Anawatazama walinzi wanaomjia, hawatazami tena wenzake. Mpokeaji yuko peke yake yadi 20 mbele, mkono juu, na kijana mwenye mkono wa kumfikisha mpira huko macho yake yako chini, yadi tatu kutoka miguuni pake. Ilikuwa hivyo mechi nne. Wakambadilisha, msimu ukiwa umeshaharibika, na yule kijana, mpole kuliko wote niliowahi kuwarekodi, alikuwa anakuja ofisini kwetu usiku kuomba video za walinzi ili ajue alikosea wapi. Iliniuma sana.

Nikarudi kwenye video za Aprili. Tatizo lilikuwepo. Siku zile chache walinzi walipoamriwa kumkaribia kweli, miguu yake ilikuwa inarukaruka kama mtu anayekanyaga mchanga wa jua kali, na kofia inashuka kidogo. Tulikuwa tunatazama mpira unaenda wapi. Hakuna aliyetazama mpira ulikotoka.

Mifano mikubwa inasema vilevile. Fainali ya ubingwa wa vyuo ya Januari 2018 mjini Atlanta, chuo cha Alabama walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 13–0 mbele ya Georgia. Kocha wao, Nick Saban, akamweka benchi kwotabeki wake Jalen Hurts, akamwingiza kinda wa mwaka wa kwanza, Tua Tagovailoa. Watu wanakumbuka mpira wa mwisho, yadi 41 kwa DeVonta Smith, 26–23 katika muda wa nyongeza. Mimi nakumbuka jaribio lililotangulia. Tua aliangushwa, timu ikapoteza yadi 16. Jaribio lililofuata akainua macho, akatazama katikati kumvuta mlinzi wa nyuma, kisha akarusha kushoto. Umeanguka vibaya hivyo, na sekunde chache baadaye unatumia macho yako kumdanganya mtu aliye yadi 30 mbele! Hilo nadhani Saban hakuliona kwenye jezi ya mazoezi tu.

Na aliyewekwa benchi usimsahau. Hurts alibaki msimu uliofuata kama akiba, na Desemba 2018 Tua alipoumia kwenye fainali ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini, dhidi ya Georgia haohao, akaingia na kushinda 35–28. Baadaye akaenda chuo cha Oklahoma, kisha Eagles, timu ya kulipwa, na Februari 2025 akashinda Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa. Kwa hiyo kocha wako akikaa na mmoja ofisini kumwambia si yeye, namna atakavyomwambia ni sehemu ya uchaguzi.

Hapa Ohio utasikia sana kwamba chuo cha Ohio State walimwacha kwotabeki Joe Burrow aondoke 2018, akaenda chuo cha LSU kule Louisiana, na 2019 akarusha tachidauni 60 bila timu yake kupoteza mechi. Ni kweli. Lakini waliyemchagua wao, marehemu Dwayne Haskins, alirusha 50 msimu uleule wa 2018. Hawakukosea. Walikuwa na wawili na nafasi moja.

Sasa swali lako la pili. Mimi ningeanza na wa mwaka wa nne. Si kwa sababu ya heshima ya kusubiri. Kabla mpira haujachezwa, kwotabeki ndiye anayepaswa kugundua nani atamvamia na kuwapanga wanaomkinga. Misimu miwili ya vikao vya video inafundisha hilo. Kinda asiyelijua atapigwa kutoka upande ambao hakuutazama, na pigo la kwanza la namna hiyo ndilo linaloinamisha kofia. Ningebadili mawazo kwa jambo moja tu: kama kinda akibanwa anabaki na macho mbele. Akiwa hivyo, mpe timu sasa hivi, umri wake usikutishe.

Na unaweza kujionea mwenyewe. Chuo chako kikifungua milango kwa mechi ya machipuko, usikae pembeni yadi ya 50 ambako kila mtu anakaa. Kaa nyuma ya goli, juu, timu inayoshambulia ikiwa imekupa mgongo. Mpira ukishaanza kuchezwa usiufuate. Tazama kofia na miguu mpaka autoe mkononi, jaribio baada ya jaribio, hasa la tatu likiwa na yadi nyingi. Andika kwenye karatasi, wa namba hii macho juu, wa namba ile macho chini. Ukifika majaribio 20 hivi, rudi hapa utuambie umeona nini, nitafurahi kusoma.