Kabla hujaweka bahari sebuleni

Nilipomwambia mama kwamba nimenunua ndoo ya chumvi ili nitengeneze maji ya bahari, alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo chumvi ina nini ambacho ya huku haina?" Mama anaishi Tanga, mahali ambapo maji yakijaa anayasikia akiwa jikoni. Mimi niko Minneapolis, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bahari yoyote ile, na wakati wa baridi ziwa la mtaani kwetu watu wanalivuka kwa miguu. Nikamweleza kwamba chumvi hii imechanganywa na kalsiamu na magnesiamu kwa vipimo vya bahari. Akacheka. "Haya. Na hao samaki, mtawala lini?"

Tangi langu la samaki na matumbawe ni la lita 150, urefu sentimita 90, na lipo sebuleni tangu 2019. Watu huniandikia wakitaka orodha ya vifaa. Vifaa vinanunulika. Kilichonigharimu mimi ni mazoea ya mtoto wa pwani: nilidhani bahari naijua, na kila nilipoona kitu kimekwenda kombo nilikirekebisha papo hapo. Karibu kila kiumbe aliyenifia aliuawa na marekebisho yangu.

Tuanze na maji. Maji ya bomba ya huku yanatiwa kloramini, na mabomba ya nyumba za zamani huacha chembe za shaba. Binadamu anakunywa na anaishi, kamba na konokono hawawezi. Kwa hiyo nina mashine ya kuchuja inayoyapitisha maji kwenye utando na kwenye resini mpaka kipimo kinasoma sifuri. Hapo ndipo naweka chumvi, gramu 35 hivi kwa kila lita, nawasha pampu ndani ya ndoo na kuacha mpaka kesho yake. Kupima chumvi natumia rifraktomita, kifaa kinachosoma chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, na nalenga 1.026 katika nyuzi 25, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matupu. Kifaa hicho kisawazishe kwa kimiminika cha kipimo kinachojulikana, kile cha chumvi 35 kwa elfu, usitumie maji matupu. Mimi nilitumia maji matupu mwaka mzima na kilikuwa kinanidanganya.

Baada ya hapo tangi linakaa na maji bila samaki. Hii ndiyo sehemu ambayo wengi hawaivumilii. Kinyesi na mabaki ya chakula huzaa amonia, na amonia inaua. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni nafuu mara nyingi zaidi. Bakteria hao wanahitaji wiki nne hadi sita kuenea kwenye mawe na mchanga, na wanahitaji kulishwa. Mimi nilitupa humo kamba mmoja wa kula, aoze polepole. Mke wangu alikuwa akipita na kuangalia. "Baba Salma, mwezi wa pili huu tunawasha taa kumulika kamba mfu?" Ndiyo, mama Salma. Tulisubiri mpaka amonia na nitriti zote zikasoma sifuri, na hapo tu ndipo konokono wa kwanza wakaingia.

Ukitaka kujua kosa la mtu wa pwani, ni hili. Baridi ilipoanza, hita ya nyumba ilikausha hewa kiasi kwamba tangi lilikuwa linapoteza karibu lita tatu kwa siku. Nikawa naongezea. Kwa maji ya chumvi, bila shaka, kwani bahari si ina chumvi? Mtu aliyekulia karibu na mashamba ya chumvi, akiwaona watu wakikinga maji kwenye mabwawa jua likayakausha, alipaswa kujua kwamba yanayopanda angani ni maji, chumvi inabaki palepale. Baada ya siku kumi hivi kipimo kilikuwa 1.032.

Nilipogundua, nilipatwa na hofu. Usiku uleule nikatoa ndoo baada ya ndoo na kujaza maji matamu yaliyochujwa mpaka 1.026 ikarudi. Nikalala nimeridhika. Asubuhi kamba wangu msafishaji alikuwa amelala ubavu, na konokono wote wametoka kwenye mawe, wako chali mchangani. Samaki wawili walikuwa wazima kabisa, wanaomba chakula.

Nilichosoma baadaye kilinieleza sababu. Samaki mwenye mifupa huitawala chumvi ya mwili wake mwenyewe. Anakunywa, anatoa kwa matamvua na figo. Konokono, kamba, kiti cha pweza na jongoo bahari hawana uwezo huo kwa kiasi kikubwa. Chumvi iliyo nje ndiyo iliyo ndani. Walikuwa wameizoea ile 1.032 kwa siku kumi, kidogo kidogo, na wangeweza kurudishwa hivyohivyo. Mimi niliwashusha kwa saa tatu. Sasa ukiniuliza nitafanya nini nikiona kipimo kimepanda, jibu ni: nitaongeza maji matamu yanayopotea kwa siku na kidogo juu yake, na nitachukua wiki nzima. Siku hizi kuna kifaa kidogo chenye boya kinachofanya kazi hiyo. Kama una hela ya kifaa kimoja tu cha anasa, nunua hicho.

Kisha samaki aitwaye kangaja. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Dukani niliingia kununua chakula. Kwenye tangi la pembeni alikuwa yule kangaja wa samawati, uso mweusi, pezi la mgongoni la manjano. Huyu ni samaki wa Bahari ya Hindi. Muuzaji akaniambia ametoka Kenya, kanaswa na mpiga mbizi kwa kimia cha mkono, kapakiwa kwenye mfuko wenye oksijeni na kupandishwa ndege. Jamaa zake utotoni nilikuwa nawaona wakitoka ndani ya dema, wamechanganyikana na tasi na pono, wakiuzwa kwa fungu. Hapa alikuwa na bei ya viatu vizuri. Nilijua kabisa anakua mpaka zaidi ya sentimita 20 na kwamba lita 150 kwake ni selo. Nilijua pia wafugaji wanasema hakuna samaki anayeshika ugonjwa wa madoa meupe upesi kama huyu. Nikamnunua. Baridi ilikuwa imekaza, sikuwa nimekwenda nyumbani miaka minne, na nilitaka kitu cha kwetu ndani ya nyumba. Hiyo si sababu ya kununua samaki.

Siku ya tano madoa yalitokea, kama punje za chumvi kwenye mapezi. Ni kimelea kinachoitwa Cryptocaryon irritans. Kinakaa kwenye ngozi na matamvua siku chache, kinadondoka, kinajifungia kwenye ganda dogo juu ya mchanga au mawe, kisha linapasuka na watoto wengi wanatoka kutafuta samaki. Dawa yake ya uhakika ni shaba, na shaba inaua matumbawe, kamba na konokono wote. Kwa hiyo kwenye tangi lenye matumbawe huwezi kutibu. Nikaanza kuchomoa mawe nimkamate, nikavuruga kila kitu, na kwa hofu hiyo wale samaki wengine nao wakadhoofika. Nilipoteza wanne, kangaja wa kwanza.

Baada ya hapo tangi likakaa bila samaki siku 76, hesabu ambayo wafugaji hutumia ili kila ganda liwe limepasuka na watoto wamekufa kwa kukosa wa kumng'ang'ania. Sasa nina tangi la karantini la lita 40 chumbani: hita, kichujio cha sponji, vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, basi. Kila samaki mpya anakaa humo zaidi ya mwezi. Ukiona huna nafasi ya tangi hilo la pili, basi huna nafasi ya la kwanza.

Kwa tangi la ukubwa wangu samaki wanne au watano wadogo wanatosha. Nina wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe, wale wanaoishi kwenye anemoni, kiumbe laini wa baharini mwenye minyiri inayochoma, waliozaliwa kwenye mabwawa ya wafugaji, hawajawahi kuiona bahari. Mkubwa ni jike. Akifa, dume lake litageuka jike. Anemoni sijawawekea. Anemoni hutembea, na pampu ya mawimbi ikimnyonya akasagika, tangi zima linachafuka. Ninayempenda kuliko wote ni goby mmoja mwembamba anayeishi shimo moja na kamba wa kupiga mlio. Kamba haoni vizuri, yeye anachimba kutwa nzima, huku sharubu moja ikigusa mkia wa samaki. Samaki akitikisa mkia, wote wawili ndani. Wageni wakija hukaa mbele ya shimo hilo mpaka chai inapoa.

Matumbawe yenyewe nilianza na yale laini: uyoga, ngozi, na yale madogo yanayofunguka kama vifungo vya rangi. Haya yanasamehe. Jihadhari na xenia, yule anayefumba na kufumbua kama kiganja. Anapendeza mpaka siku unayogundua ameshachukua jiwe zima. Yale yenye minyiri mirefu yape nafasi ya sentimita 15 na jirani, maana usiku hunyoosha mikono na kuchoma. Yale magumu ya matawi, yanayojenga mifupa kwa kasi, nilingoja miaka miwili. Hayo yanakula kalsiamu na kabonati ya maji, na kipimo cha kuangalia ni ualkali, yaani kiasi cha kabonati majini, unaohesabiwa kwa dKH. Nalenga dKH 8 hadi 9, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Siku moja nilikuta 6.5. Nikaipandisha mpaka 9.5 kabla ya kulala. Unajua kilichofuata: nyama ilianza kubanduka kutoka chini ya matawi, ikabaki mifupa mieupe. Ile 6.5 yenyewe walikuwa wanaishi nayo. Siku hizi sizidishi nusu ya dKH kwa siku.

Tukio moja tu nililishughulikia inavyopaswa. Kiangazi cha 2022 hita ya tangi iliganda ikiwa imewaka. Niliporudi kazini maji yalikuwa nyuzi 33. Matumbawe yalikuwa yamepauka, kwa sababu mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaoishi ndani ya nyama yao na kuwalisha, hufukuzwa joto likizidi. Ndicho kilichotokea pwani yetu mwaka 1998, maji yalipopata joto na miamba kuanzia Kenya mpaka Mafia ikageuka mieupe. Mkono uliniwasha nikachukue barafu. Nikachomoa hita, nikaelekeza feni juu ya maji, nikapunguza taa, nikaenda kukaa jikoni. Ilichukua usiku kucha kushuka. Matawi matatu yalikufa, lakini mengine rangi ilianza kurudi baada ya wiki sita hivi. Sasa natumia hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, na zote zinapitia kidhibiti cha pembeni kinachokata umeme ikifika nyuzi 27.

Jambo moja sitaki ulichukulie mzaha. Baadhi ya yale matumbawe ya vifungo yana sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana. Usichemshe jiwe lenye matumbawe ili kulisafisha, na usilisugue kwa brashi ukiwa ndani ya chumba. Mwaka 2018 huko Oxfordshire, Uingereza, familia nzima ilipelekwa hospitali baada ya mtu kusafisha matumbawe ya tangi nyumbani. Vaa glavu na miwani, na usiingize mkono wenye kidonda.

Mpwa wangu yuko Dar, na alipoona picha zangu akaandika: "Shikamoo mjomba, kesho naenda Mbudya, nitavunja kipande kimoja tu." Nilimpigia saa ileile. Mbudya ni hifadhi ya bahari. Na hata pasipokuwa hifadhi, mimi nimekulia Tanga enzi za uvuvi wa baruti, nikisikia mlipuko asubuhi na kuona wazee wakitikisa kichwa. Hatuvunji tena. Tumbawe gumu hata kulivusha mpaka linahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Atumie mawe makavu, na matumbawe yatafutwe kwa mfugaji anayekata vipande vya kwake.

Ila maji anayo bure, na hapo namwonea wivu. Nilimwambia ayachote maji yakiwa yamejaa, mbali na mito na mifereji ya mjini, asichote baada ya mvua, ayaache gizani siku kadhaa kabla ya kuyatumia. Kwake tatizo ni joto, si baridi: feni juu ya maji huyashusha nyuzi mbili tatu, kwa gharama ya kuongezea maji matamu zaidi. Na kwa ajili ya umeme kukatika, awe na pampu ya hewa ya betri, kwani oksijeni ndiyo inayoisha kwanza.

Jana kaniletea picha. Mchanga, mawe, maji maangavu, wiki ya tatu, hakuna kiumbe. Mawe yameanza kuota ukoga wa kahawia na anauliza aweke dawa gani. Nimemwambia asiguse kitu.