Uliza Fundi: Picha za marehemu zimefutwa, nazipataje?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Tanga. Simu yangu inaniambia nafasi ya Google imejaa, GB 15 zote, na tangu mwezi uliopita barua pepe haziingii. Mpwa wangu akaniambia, "Shangazi, picha zako ziko mtandaoni, hizi za kwenye simu tufute tu." Akazifuta mwenyewe, wiki ya tatu sasa. Juzi natafuta picha za marehemu mume wangu, tulizopiga Raskazone mwaka 2019, sizioni kwenye simu wala mtandaoni. Nimenunua flashi ya TB 2 kwa shilingi elfu ishirini na tano, na laptopu ya mwanangu ipo. Nataka picha zangu zote niwe nazo mkononi. Nianzie wapi?

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na pole.

Flashi iweke kando kwanza, nitairudia, maana ina maneno yake. Chukua simu, fungua Google Photos, tafuta sehemu ya tupio. Picha iliyokuwa imeshapanda mtandaoni ikifutwa hukaa humo siku 60 ndipo inapotea kabisa. Wiki tatu ni siku 21, kwa hiyo Mzee bado yumo. Zishikilie picha moja moja, bonyeza kurejesha. Fanya hivyo leo, kabla hujamaliza kunisoma, na mpwa asikusaidie.

Simlaumu sana kijana, kosa lake ni la watu wengi. Ndani ya Google Photos, picha iliyoko simuni na nakala yake ya mtandaoni huhesabiwa kama picha moja, unayoichungulia kwa madirisha mawili. Ukiifuta ndani ya programu ya Google Photos, imefutwa kote. Ipo sehemu nyingine humo humo ya kupunguza mzigo wa simu, ambayo huondoa nakala ya simuni tu na kuacha ya mtandaoni. Mpwa hakupita huko, alichagua picha akagusa alama ya pipa.

Na hiyo GB 15 si ya picha peke yake. Barua pepe, nyaraka na picha vinakula sahani moja, ndiyo maana sahani ilipojaa barua zikagoma. Zamani picha zilizopunguzwa ubora hazikuhesabiwa. Zinazopandishwa tangu Juni 1, 2021 zinahesabiwa, na wengi tumejikuta tumejaa bila kujua tumejaza nini.

Sasa kuzishusha. Kwenye laptopu fungua takeout.google.com, ingia kwa akaunti yako ile ile. Utakuta orodha ndefu ya kila kitu ambacho Google wanakutunzia, na karibu vyote vimewekewa tiki. Ondoa tiki zote, kisha rudisha moja tu, ya Google Photos. Hapo utaona unaweza kuchagua albamu, na picha zimepangwa kwa folda za miaka. Mwalimu, usichukue zote kwa mpigo. Anza na mwaka 2019. Ukifanikiwa huo, mingine itafuata yenyewe.

Ukiulizwa ukubwa wa mafurushi, yaani mafaili ya zip ambamo Google hufunga picha zako, chagua GB 2. Furushi la GB 50 likikatikia njiani kwa mtandao wetu huu, utalia. Furushi moja unaruhusiwa kulipakua mara chache tu, na kiungo chake hufa baada ya siku kama saba, kwa hiyo usiombe leo halafu usafiri. Wakikwambia watakutumia barua pepe mzigo ukiwa tayari, usiingoje, maana sanduku lako limejaa. Rudi kwenye ukurasa ule ule kesho yake, utaukuta mzigo umeorodheshwa hapo.

Kuhusu bando: tuseme picha zako ni GB 14 na mtandao wako unakwenda megabiti 5 kwa sekunde. Hesabu yake ni saa sita na ushee za kushusha bila kukatika. Kama una kifurushi cha usiku, hii ndiyo kazi yake. Zuia laptopu isilale, chomeka chaja, nenda kapumzike.

Mafurushi yakishafika utayafungua, na ndani utakuta picha zimechanganyika na vifaili vidogo vinavyoishia na herufi json. Watu huvifuta wakidhani ni takataka. Humo ndimo Google walimoandika tarehe ya picha na maelezo uliyoongeza. Viache. Usishtuke pia ukiona kompyuta inasema picha ya 2019 ni ya jana, maana inakuonyesha siku faili lilipoingia. Tarehe ya kupigwa mara nyingi iko ndani ya picha yenyewe. Zile ulizotumiwa kwa WhatsApp hazina, ila jina lake hukusaidia: IMG-20190412-WA0007 maana yake iliingia Aprili 12, 2019.

Haya, turudi kwenye flashi. TB 2 kwa elfu ishirini na tano? Mwalimu, hapo umepigwa. Nami nilipigwa kabla yako. Nilinunua ya namna hiyo kwa mtu aliyetandaza bidhaa chini, nikajaza video za harusi ya Mbagala niliyolipwa kuipiga. Vipande 41, majina yote yanaonekana, ukubwa wote unaonekana. Bwana harusi alipokuja kuchukua kazi yake, vipande tisa vya mwanzo vilicheza, cha kumi kikagoma, na vyote vilivyofuata. Tayari nilikuwa nimeshafuta kadi ya kamera. Pesa nilirudisha. Mama wa bibi harusi mpaka leo tukikutana sokoni anageukia upande wa nyanya.

Ujanja wenyewe ni huu: ndani ya flashi mna chombo kinachoiambia kompyuta "nina TB 2", wakati kumbukumbu iliyomo ni GB 32, au hata chini ya hapo. Unajaza, inapokea. Ikifika mwisho wa nafasi ya kweli, mengine yanaandikwa juu ya yaliyotangulia au yanamwagika tu, na majina ya mafaili yanabaki kama makaburi. Ipo programu ya bure ya Windows inayoitwa H2testw. Hujaza flashi yote halafu husoma ilichoandika na kukwambia ukweli. Inachukua saa nyingi. Kwa bei hiyo mimi nisingejisumbua hata kupima, ningeirudisha dukani.

Nunua diski ya nje ya chapa inayojulikana, duka lenye risiti. Kwa GB 14 zako huhitaji TB 2, hata flashi halisi ya GB 64 inatosha na kubaki. Ukichukua diski ya sahani inayozunguka, usiihamishe ikiwa inafanya kazi, na usiichomoe kabla hujaiambia kompyuta iiachie.

Ukishanakili, fanya hili ambalo wengi huliruka: chomoa, chomeka kwenye kompyuta nyingine, kisha fungua picha. Usiangalie majina. Fungua ya mwanzo, za katikati, za mwisho, na video ichezeshe mpaka mwisho. Mzee akikutazama kutoka pale Raskazone, hapo ndipo unaweza kupunguza za mtandaoni ili barua zianze kuingia. Siku hiyo hiyo tengeneza nakala ya pili kwenye kifaa kingine, umpe mwanao aondoke nayo. Ikikaa kabati moja na ya kwanza, mwizi mmoja anachukua zote mbili.

SWALI: Fundi, hujambo? Niko Mombasa. Nimeunga iPhone kwenye laptopu kwa waya ili nitoe picha. Simu inaonyesha picha elfu tisa, laptopu inaona elfu moja na kidogo. Nyingine zimeenda wapi? Mimi sijafuta hata moja.

JIBU: Sijambo, ndugu. Hazijaenda popote, ziko iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple. Simu yako imewekwa kuhifadhi nafasi, kwa hiyo inakuonyesha vijipicha vidogo huku picha kamili zikiwa mtandaoni, na waya hauvuti kisichokuwamo simuni. Ingia icloud.com kwa laptopu uzishushe kutoka huko, kwa mafungu, elfu moja moja. Zikija na herufi HEIC na laptopu kuukuu ikakataa kuzifungua, usizifute, ni nzima. Na kwa picha utakazopiga kuanzia leo, nenda kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya miundo, uchague ule unaokubalika na vifaa vingi. Zitakuwa JPEG, ambazo hata hiyo laptopu itazifungua.