Laki tisa inatosha kompyuta ya nyumbani, ila anza na umeme wa nyumba yako

Waalaykum salaam dada yangu wa Chake Chake. Nimekusoma vizuri. Una laki tisa, unataka kompyuta ya mezani ya kutayarishia masomo ya skuli, kutengeneza kadi za harusi na kukata video fupi za shughuli, na mdogo wako naye anaomba apate humo michezo ya mpira. Unauliza kama ununue kifaa kimoja kimoja uunge mwenyewe au uchukue mashine iliyokwisha kufungwa, na kama prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i5 ni bora kuliko Ryzen ya AMD. Wenzangu wameshakutajia prosesa za kila aina. Mimi nafunga na kutengeneza mashine hapa Unguja miaka mingi sasa, na nakuomba kabla ya prosesa utazame tundu la umeme ukutani kwako, kwa sababu mashine nyingi ninazoletewa zimekufa kwa umeme, na chache mno zimekufa kwa uzee.

Visiwa vyetu vinapata umeme kwa waya wa chini ya bahari. Unguja unatoka Ras Kiromoni, upande wa Dar, na kuibukia Fumba, na nyinyi Pemba mnapata wenu kutoka upande wa Tanga tangu 2010. Waliokuwepo mwaka 2008, waya wa Unguja ulipoharibika kwa karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka tulivyoishi na majenereta na vitu vilivyoungua. Mwaka 2013 ulikuja waya mpya wa megawati 100, na giza la namna ile halijarudi. Lakini umeme kuwepo na umeme kutulia ni mambo mawili. Jioni watu wakishawasha friji, pasi na feni kwa pamoja, nyumba iliyo mwisho wa laini haipati volti 230. Nimepima chini ya 200 mara nyingi tu. Kisha umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, unakatika tena.

Hapo ndipo pawasaplai, lile boksi ndani ya mashine linaloupokea umeme wa ukutani, inapokuwa kifaa cha kwanza kuchagua. Igeuze usome lebo yake. Ikiwa imeandikwa 100-240V na haina ile swichi nyekundu ya 115/230 kwa nyuma, hiyo inajirekebisha yenyewe, na volti zikishuka hadi 170 itaendelea kufanya kazi. Ikiwa na swichi nyekundu, kwa kawaida ni ya muundo wa zamani wa bei rahisi, na volti zikishuka sana mashine inazima au inajiwasha upya katikati ya kazi. Tena swichi ile mtoto akiisogeza kwenye 115 hapa kwetu, utasikia mlio na harufu ya kuungua papo hapo. Mashine zilizotoka Marekani zikague mara mbili kwa sababu hiyo hiyo.

Jambo jingine kwenye lebo: usiamini namba kubwa iliyoandikwa juu ya keisi, lile sanduku la nje. Utauziwa keisi mpya inayong'aa taa za rangi, ndani yake mna pawasaplai ya "wati 500" nyepesi kama sanduku tupu. Tafuta mstari wa +12V, uone ampia zake, uzidishe kwa 12. Ikiwa ni ampia 16, basi una wati 192 za kulisha prosesa na kadi ya picha (ile ya kuchezea michezo mizito), hata pakiandikwa 500. Mashine za ofisi za Dell, HP na Lenovo mara nyingi huandikwa wati zisizofika 300, lakini ni wati za kweli, na takriban zote zina 100-240V. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kukwambia kwa laki tisa usifunge mashine mpya. Chukua ya ofisi iliyotumika, ile ya mnara yenye keisi ya kusimama, kisha pesa inayobaki uimalizie kwenye vitu vya kuilinda na kuiongezea kasi.

Sababu ya pili ni RAM, kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda dunia nzima, kwa kuwa viwanda vinapeleka uzalishaji wao kwenye mashine kubwa za akili bandia. Mwaka 2023 ningekwambia bila kusita ununue Ryzen 5 5600G, mazabodi (ubao mkuu unaobeba vifaa vyote) ya B450 au B550, na RAM mbili za GB 8, na ungekuwa na mashine nzuri isiyohitaji kadi ya picha. Prosesa ile bado naipenda: viini sita (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), na picha zake za ndani zinaweza michezo mingi ya mpira kwa mipangilio ya chini. Lakini inataka RAM mbili zifanye kazi kwa jozi, kwani picha zinatumia RAM hiyo hiyo, na ukitia moja tu unapoteza sehemu kubwa ya kasi uliyoilipia. Leo RAM hizo mbili zitakula pesa ya UPS yako, lile boksi la betri la kukushikilia umeme ukikatika. Mashine ya ofisi unainunua na RAM yake ndani.

Sasa ipi? Muuzaji atakwambia "hii Core i5" na ataishia hapo. Muombe namba kamili. i5-4590 ni kizazi cha 4, ya mwaka 2014, viini vinne. i5-8500 ni kizazi cha 8, ya 2018, viini sita. Zote mbili ni "i5" na bei watakutajia zinazokaribiana ukiwa huulizi. Hata i3-8100 ya kizazi cha 8 inaifikia au kuipita i7-2600 ya 2011 kwa kazi za nyumbani, kwa hiyo usivutwe na i7 ya zamani. Na mpaka wa kizazi cha 8 nimeuchagua kwa makusudi: Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi hicho, au Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000 isipokuwa chache. Majina ya kutafuta ni Dell OptiPlex 3060, 5060 au 7060, HP EliteDesk 800 G4, na Lenovo ThinkCentre M720. Ukibanwa na pesa ukaangukia ya kizazi cha 4, itie Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, kazi za skuli utafanya vizuri tu, ila programu ya kadi na video itabidi uzoee nyingine.

Nasisitiza mnara, ile keisi kubwa ya kusimama. Wauzaji watakusukumia zile ndogo bapa kwa kuwa ndizo zinazojaa madukani. Ndogo inapata joto zaidi, na kadi ya picha ya kawaida haiingii.

Ukiwa dukani, usilipe kabla ya haya. Iwashe, bonyeza F2 kwa Dell au F10 kwa HP, uingie kwenye bayosi, ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla ya Windows. Ikikudai neno la siri, iache hapo hapo. Hiyo imetoka ofisini na kufuli lake, na kulifungua ni kazi ya fundi na gharama. Soma jina la prosesa na kiasi cha RAM humo humo, si kwenye stika ya nje. Fungua ubavu utazame: kutu kwenye skrubu na kwenye mabati karibu na matundu ya nyuma maana yake mashine imekaa pahala pa unyevu, na kilichoshika bati kimeshika na mazabodi. Kapasita (vile vikopo vidogo juu ya mazabodi) zilizovimba kichwa, vumbi lililogandana na mafuta, feni inayokwaruza, yote hayo ni ya kupunguzia bei au kuondoka. Iache iwake robo saa huku unazungumza na muuzaji. Mashine yenye kasoro ya joto mara nyingi haimalizi muda huo bila kupiga kelele za feni au kuzima.

Watu watakwambia uvuke Dar, Kariakoo ni rahisi. Ni kweli kwa bei ya kutajiwa. Lakini wewe uko Pemba. Kifaa kikikataa kuwaka utapanda chombo mara mbili kwenda kukirudisha, na muuzaji atakwambia kimetikiswa njiani. Mimi kwa mtu wa bajeti yako naona bora ulipe kidogo zaidi Chake, au Darajani na Mlandege hapa mjini kama una jamaa wa kukukagulia, upate na risiti yenye muda wa dhamana ulioandikwa kwa mkono na tarehe. Ikisafiri kwa boti, ikae miguuni mwako, na kama ina kadi ya picha ichomoe uibebe peke yake, kwani uzito wake huweza kuvunja tundu lake kwenye mazabodi.

Pesa ningeigawa hivi, na ujue bei zinapanda na kushuka: mashine isizidi laki tano, SSD mpya (diski ya kasi isiyozunguka) karibu elfu 80, UPS laki moja na nusu au kidogo zaidi, na iliyobaki uiweke kwa RAM ya pili na waya. Hadi diski (hard disk, ile ya kuzunguka) ya zamani inayokuja na mashine usiitegemee kwa Windows. Itumie kuhifadhia video tu, na za harusi za watu zitunze pahala pawili. SSD ziko aina mbili: ya SATA mwisho wake ni karibu MB 550 kwa sekunde, ya NVMe ya mashine za kizazi hicho inafika 3500, lakini kwa kazi zako hutaona tofauti kubwa baina ya hizo mbili. Tofauti utaiona baina ya hadi diski na SSD yoyote. Ukinunua SSD iliyotumika, waambie waifungue kwa programu ya CrystalDiskInfo uone afya yake na saa ilizofanya kazi.

Kadi ya picha kwa ajili ya mdogo wako iache kwa mwezi mwingine. Ukifika wakati huo, pawasaplai ya ofisi mara nyingi haina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi iishi kwa wati 75 ambazo tundu lake kwenye mazabodi linatoa. Hapo una GTX 1050 Ti, au GTX 1650 ile isiyo na plagi ya umeme juu yake. Wapo wanaouza kadi za zamani sana zilizobadilishwa jina ndani zikajitambulisha kama 1050 Ti. Programu ya GPU-Z huzikamata na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Iendeshe dukani.

Kuhusu UPS, dogo ya VA 650 inatosha mashine na monita kwa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima. Ijaribu dukani na kompyuta yako hasa: iwashe, chomoa plagi ya ukutani, uone kama kompyuta inabaki hai. Baadhi ya pawasaplai nzuri hazipatani na umeme wa mkatomkato (usiopanda na kushuka laini kama wa ukutani) unaotoka kwenye UPS za bei rahisi, na hutajua mpaka ujaribu. Betri yake haitadumu kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Betri ya risasi imepimwa kwa nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazozidi hupunguza umri wake kwa takriban nusu, na vyumba vyetu wakati wa kaskazi unavijua. Nunua ile ambayo betri yake inabadilishwa kirahisi, volti 12, ampia-saa 7, zipo nyingi.

Muite na fundi umeme aangalie waya wa ardhini, ule wa kijani na njano. Ukigusa keisi kwa nyuma na mkono ukahisi unatekenywa, basi tundu lako halina ardhi, hata kama lina matobo matatu. Mashine itawaka hivyo hivyo kwa miaka, lakini siku ya radi au kasoro ndani ya pawasaplai, umeme hautakuwa na pa kwenda ila kwenye vifaa au kwenye mkono wa mtu. Kwenye nyumba yenye watoto hili silichukulii wepesi hata kidogo.

Hewa ya bahari nayo. Mashine isikae sakafuni wala dirisha linaloelekea pwani, na usiifunike plastiki ikiwa bado ina moto. Itumie kila siku kama unaweza. Joto lake ndilo linaloikausha. Matundu yaliyobaki wazi nyuma yazibe kwa bati zake, maana mjusi huingia kutafuta joto na akikauka juu ya pawasaplai anaiua. Ikitokea siku imewashwa, feni zinazunguka na skrini nyeusi, usikimbilie kununua mazabodi. Chomoa umeme, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba safi ya penseli, futa, rudisha mpaka isikike imebana. Mashine nyingi zilizoitwa zimekufa zimerudi kwa hilo tu. Na ikiwa inasahau tarehe kila umeme ukikatika, ni betri ya CR2032, ile ya duara.

Kwa matumizi, mashine ya namna hii na monita hula karibu wati 80 kwa kazi za kawaida, yaani saa sita kwa siku ni nusu uniti ya Tukuza, umeme wa kulipia kabla. Ukitaka kutumia TV uliyonayo badala ya monita, tazama kwanza nyuma ya kompyuta: nyingi zina tundu la picha la DisplayPort bila lile la HDMI la TV, na utahitaji kigeuzi, ambacho ni bei ndogo lakini Pemba hakipatikani kila duka, basi kinunue siku hiyo hiyo. Ukiona mashine imekupendeza, piga picha lebo ya pawasaplai na ukurasa wa kwanza wa bayosi uitume hapa kabla hujalipa, nitaisoma nikwambie.